Bunduki ya babu wa watu

Najua nimekuwa kimya siku nyingi. Mitihani, theluji, na zamu za maktaba usiku... yaani acha tu. Leo sina habari za darasani. Nataka kuwapa habari za bunduki kuukuu. Msishtuke jamani! Mwenye viza ya mwanafunzi huku kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki bunduki, labda awe na kitu kama leseni ya kuwinda. Mimi nakusanya maarifa tu, kwenye daftari.

Si mnajua nipo Ithaca, jimbo la New York. Mji huu ulikuwa na kiwanda chake cha shotigani tangu miaka ya 1880, Ithaca Gun, kando ya maporomoko ya maji ya Fall Creek. Majengo yalibomolewa 2009. Jirani hapo Syracuse alikuwepo Lefever, na L.C. Smith walianzia huko huko kabla ya kuhamia Fulton. Parker walikuwa Meriden, Connecticut, na A.H. Fox alikuwa Philadelphia. Kwa wakusanyaji wa mitutu miwili ya Kimarekani, hayo ndiyo majina makubwa.

Tena Fox inatuhusu hata sisi. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwenda kuwinda, safari hiyo alikuwa na Fox aliyopewa zawadi na mtengenezaji mwenyewe. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Ndiyo, umesoma vizuri.

Sasa habari kama hizo ndizo zinazofanya kila familia huku iamini kwamba bunduki ya babu ni hazina. Rumeti wangu naye yumo. Babu yake, mkulima, alifariki mwaka jana akamwachia mitutu miwili ya geji 12. Ukoo mzima unasema ni ya maelfu. Jamaa alishapanga: akipata bei nzuri analipia ada ya muhula ujao, asipopata ataenda nayo kuwinda ndege. Wiki iliyopita tukaenda kwao, mjomba wake akaitoa kabatini.

Kitu cha kwanza, hakikisha haina risasi. Mjomba akaifungua, chemba zote mbili tupu. Cha pili, usianze na jina lililoandikwa juu, maana jina ndilo linalodanganya watu. Toa ule mti wa mbele, chomoa mitutu, igeuze. Ukweli unakaa chini, kwenye bapa za chuma zinazofichika bunduki ikifungwa: namba, alama za daraja, tarehe za hataza. Angalia pia midomo ya mitutu. Ikiwa na uwazi mkubwa katikati, huenda kuna mtu aliikata.

Ya babu iliandikwa “American Gun Co.” Jina zito, eh? Kumbe hapakuwa na kiwanda cha jina hilo. Lilikuwa jina la biashara la H. & D. Folsom, wafanyabiashara wa New York. Bunduki zenyewe zilitoka Crescent, Norwich, Connecticut, waliotengeneza za bei nafuu na kuzigonga majina chungu nzima kwa ajili ya maduka. Leo nyingi huuzwa dola mia chache tu.

Halafu kukawa na jambo kubwa kuliko bei. Chini ya ule mti wa mbele, mahali ambapo mikono na kutu havikufika, chuma kilikuwa na mawimbi mawimbi kama moshi. Hiyo ni Damascus: vipande vya chuma na chuma cha pua... hapana, si cha pua, ni chuma laini na chuma kigumu, vimesokotwa pamoja, vikazungushwa kwenye fito na kufuliwa mpaka vikawa mtutu. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa enzi za baruti nyeusi. Ukitia risasi ya leo mtutu unaweza kupasuka, na mkono wa kushoto uko pale pale. Tena chemba nyingi za zamani ni fupi kuliko inchi 2¾ za risasi za kawaida za sasa. Wa kusema kama inapigika ni fundi bunduki anayepima unene wa mitutu, si mimi.

Jamaa akaniuliza, “Kwa hiyo si kitu?”

Mjomba akasema basi ataipiga msasa na vanishi, labda itaongeza bei. Nikamwambia, “Mjomba, tafadhali usiiguse.” Kung'arisha kunafuta maandishi na rangi ya awali, na wakusanyaji hukwepa vitu kama hivyo. Nikawaonyesha kitako: kilikuwa kimelika upande wa kulia, pale shavu linapolala. Mtu anayetumia bega la kulia hulaza shavu upande wa kushoto.

Mjomba akacheka, macho yamelowa. “Mzee alikuwa wa kushoto. Shuleni walimlazimisha kuandikia kulia, lakini bunduki hawakumweza.”

Rumeti hilo alikuwa halijui. Haiuzwi tena, wala haipigwi. Ada ameomba zamu za ziada bwaloni, na mimi nimemwachia ya kwangu ya Jumamosi.

Haya wadau, kama kwenu kuna kitu cha babu, kigeuze kwanza kabla hujakisafisha. Niandikieni mmekuta nini. Alamsiki.