Mbio na Karo

Mwanafunzi wetu mmoja, mkimbiaji hodari, alituletea barua ya chuo cha Marekani tumfasirie. Kwao walikwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya nauli. Neno "udhamini" lapotosha, maana mdhamini kwetu hulipa deni lote. Barua ilitaja nusu ya karo, tena kwa mwaka mmoja.

Vijana humtazama Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyesoma El Paso akatwaa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1980. Lakini kwa miaka mingi, hadi 2025, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa misaada 12.6 tu kwa wanariadha wote wa kiume, ikakatwa vipande.

Baba mtu aliuliza nusu ya pili ataitoa nani. Tukamwandikia kocha, jibu twalingojea.