Safari za siku moja kutoka Baraka



Wengi wetu tukihesabu safari tulizofanya maishani, tunakuta zina sababu nne tu: soko, hospitali, kilio na vita. Watoto wetu ni hivyo hivyo. Kuna mtoto wa Baraka anayeijua barabara ya Uvira kwa sababu alibebwa mgongoni siku ya kukimbia, lakini hajawahi kuipita akitazama milima na kuuliza maswali. Ndiyo maana katika kikundi chetu tunatenga siku moja kila likizo kuwatembeza watoto. Hatulali njiani. Tunatoka alfajiri, na jioni kila mama yuko jikoni kwake.

Huko Ubelgiji kuna tramu, yaani gari la umeme linalopita juu ya reli, inayofuata pwani yote ya bahari kwa karibu kilomita 67, toka Knokke mpaka De Panne. Aliyelala Oostende huipanda asubuhi, anashuka katika mji anaoutaka, anakula, anatembea, na jioni anarudi. Sisi hatuna reli. Tuna mtumbwi wa injini, pikipiki na gari za mizigo. Lakini pwani tunayo, na uzuri upo. Tofauti kubwa ni kwamba tramu ina saa yake na idadi ya watu wake. Hapa kwetu, saa na idadi tunazisimamia wenyewe.

KUVUKA GHUBA: UBWARI

Ukisimama ufukweni Baraka na kutazama mashariki, ile milima unayoiona ng'ambo ya maji ni Ubwari. Watoto wengi hudhani ni Tanzania. Hata wazungu walikosea: Richard Burton alipopita hapa kwa mtumbwi Aprili 1858 akielekea Uvira, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Si kisiwa. Ni mkono wa nchi kavu ulioshikana na bara upande wa kusini, na ncha yake iko kaskazini, Banza. Maji yaliyo kati yake na sisi ndiyo ghuba, ambayo kwenye ramani bado inaitwa kwa jina la huyo Burton.

Tunapenda kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa bado yamelala. Wakati huo wavuvi wanarudi na taa zao, na watoto wanaona wenyewe namna ndakala inavyopatikana: taa huwashwa usiku, samaki wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unainuliwa. Hapo wanaelewa pia kwa nini mbalamwezi ikiwa kubwa ndakala hupanda bei sokoni. Usiku wote una mwanga, taa ya mvuvi haiwavuti tena samaki. Ni somo ambalo darasani lingetuchukua juma zima.

Ng'ambo tunanunua mikeke au kuhe, tunachoma, tunakula na bugali wa muhogo. Wanaopanda kilima wanaliona ziwa upande wa pili, na siku anga ikiwa safi, milima ya Burundi na Tanzania. Hapo tunawaambia kwamba Tanganyika ina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha karibu mita 1.470, na kwamba duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolishinda kwa kina. Mtoto aliyezoea kuteka maji yake kwa bidoni hutulia kidogo akisikia hivyo.

KUPANDA FIZI

Fizi-centre ndiko makao ya teritwari yetu yenye sekta nne: Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge. Mtoto anaandika jina hilo juu ya daftari lake miaka sita bila kupaona. Barabara inaacha ziwa na kupanda milimani. Kadiri unavyopanda, joto linapungua. Beba kikwembe cha kuwafunika wadogo, hasa wanaopanda pikipiki.

Safari hii inafaa likizo kubwa, Julai na Agosti, kwa sababu barabara ni kavu. Vumbi utalila, lakini hutakwama. Wakati wa mvua matope yanateleza vibaya kwenye miteremko, na pikipiki yenye mama na watoto wawili haina nafasi ya kuteleza.

Kule juu, mama wa Baraka huenda na samaki mkavu na kurudi na karanga au maharagwe, nauli hujirudisha. Watoto wakubwa tunawaeleza historia. Mwaka 1965 Che Guevara, yule daktari wa Argentina aliyepigana Kuba, alivuka ziwa toka Kigoma akatua Kibamba, kusini kwetu, kuwasaidia waasi wa wakati ule. Alifika hata Fizi. Alikaa miezi saba, akaondoka usiku kwa mashua Novemba, mapigano yakiwa yamemshinda. Vitabu vinasema habari zake kwa wingi. Nani aliyekuwa akiwapikia hao wapiganaji? Hilo waulizeni nyanya zenu ambao bado wako hai, na watoto waandike majibu.

KASKAZINI HADI MBOKO

Barabara ya taifa namba 5 inafuata ziwa kuelekea Uvira. Unapita Lweba, kisha Lusenda ilipo kambi ya ndugu zetu waliokimbia Burundi, wengi wao tangu 2015. Simameni hapo sokoni. Watoto wasikie Kirundi, Kibembe na Kiswahili mahali pamoja, na waone mama mkimbizi anayeuza nyanya sawa na mama mwenyeji. Kisha Nundu, na mwisho Mboko, ambako kuna kivuli cha michikichi na mafuta ya mawese ya kubeba nyumbani.

Sisi tunaishia Mboko. Mbele, kuelekea Uvira, ni Makobola, ambako kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 waliuawa mamia ya raia, wengi wao wanawake na watoto. Wanaosoma sekondari tunawaeleza tukiwa tumekaa, kwa sauti ya kawaida, bila kuwafundisha kumchukia mtu wa kabila lolote. Wadogo tunawaacha wacheze kwenye mchanga.

KABLA YA KUTOKA

Kikundi kinachotaka kwenda kizingatie haya:

1. Ulizeni habari za njia jana yake, na tena asubuhi ile ile, kwa watu waliotoka huko. Habari ikiwa na shaka, safari inaahirishwa. Hakuna mama anayeitwa mwoga kwa hilo.

2. Majini, hesabuni watu kabla ya injini kuwaka, na kila mtoto avae koti la kuelea. Kama makoti hayatoshi, watu wapunguzwe. Desemba 2014 meli iliyoitwa Mutambala, jina la sekta yetu wenyewe, ilizama ikitoka Kalemie kwenda Uvira, na zaidi ya watu 120 walikufa. Upepo ulikuwa mkali na mzigo ulikuwa umepita kiasi. Upepo hatuuwezi. Mzigo tunauweza.

3. Kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa. Wakati huo chagueni barabara. Wakati wa mvua chagueni ghuba, lakini asubuhi tu: mkiona mawingu meusi juu ya milima, hakuna kuondoka ufukweni, hata kama mwenye mtumbwi anasema ni kidogo.

4. Nauli ikusanywe mapema kama likelemba. Franga 500 kila juma kwa majuma kumi na mawili ni franga 6.000 kwa kila mama. Bei ya mafuta ikipanda, ongezeni majuma, msiongeze watu mtumbwini.

5. Mama mmoja abaki mjini akiwa na orodha ya majina yote na saa ya kurudi. Saa ya kugeuka ni saa nane mchana, hata kama samaki hajaiva.

Siku ya pili, mpe mtoto karatasi achore njia aliyopita: mto, soko, kilima, mahali mlipokula. Mtaona anachokumbuka. Michoro hiyo leteni kwenye mkutano wa kikundi, tuibandike ukutani, na kikundi kinachofuata kijue njia kabla ya kuianza.