Muuaji wa Kukodiwa Ndani ya Kompyuta



Wanafunzi wenzangu, napenda kuzungumza nanyi kuhusu gemu moja ya kompyuta ambayo baadhi yenu mnaifahamu. Inaitwa Hitman. Ilitengenezwa na kampuni ya IO Interactive ya nchini Denmark. Ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ya pili mwaka 2002, na nyingine zikafuata. Mhusika wake hana jina la kuzaliwa, anaitwa 47. Ana upara, suti nyeusi na tai nyekundu, na kisogoni ana alama ya mistari kama ya bidhaa za dukani. Kazi yake ni kuua kwa malipo.

Nimemtazama mdogo wangu akiicheza kwa baba mdogo, Bukoba mjini. Tuseme haki, gemu hii haimtaki mtu afyatue risasi ovyo. Mchezaji hutulia, huchunguza mlinzi anapita wapi, huvaa nguo za mpishi au za askari asitambulike, kisha huficha maiti. Akiua asiyehusika, sifa yake hushuka. Kwa hiyo subira na umakini vimo.

Nilimwuliza, "Huyu unayemwua amefanya nini?"

Akajibu, "Ni mtu mbaya, dada. Wameeleza mwanzoni."

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nani ameeleza? Ni wale wale waliopokea fedha ili mtu afe. Hakuna hakimu, hakuna shahidi, wala mshitakiwa hakuulizwa neno. Mchezaji anaamini kwa sababu bila kuamini mchezo hauendelei.

Mwaka 2002 Masingasinga walilalamika kwamba sehemu ya gemu ya pili ilionesha watu wao wakiuawa mahali panapofanana na hekalu lao tukufu. Eidos, kampuni iliyoisambaza, ikakubali kuirekebisha. Picha tu ziliwaumiza, kwa sababu walijiona ndani yake.

Nasi wa Kagoma tuna la kuona. Kanda yetu ya Ziwa imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na watu wenye ualbino wakiuawa kwa tamaa ya utajiri. Mwezi Mei 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao, humu humu wilayani Muleba. Mwezi Juni mwili wake ukapatikana. Aliyemwita kikongwe mchawi naye alisema tu, na wengine wakaamini.

Tangu hapo, mwenzetu mmoja wa madrasa mwenye ualbino haji tena peke yake. Kaka yake humleta na kumngoja nje hadi tumalize. Njia yenyewe ni fupi, inapita kwenye migomba, na zamani aliipita akiimba.

Sisemi kila anayecheza gemu atakuwa muuaji. Mdogo wangu anaogopa hata kuchinja kuku. Ninachoomba ni kwamba tukiambiwa "fulani ni mbaya", iwe kwenye kompyuta, sokoni au kisimani, tuulize: nani kasema, na anapata nini? Na jioni, wale tunaopita njia moja na mwenzetu yule, tumsubiri twende pamoja, ili kaka yake naye apate kurudi shambani mapema.

Wabillahi tawfiq.