Nyeupe Haipakwi

Kisanduku cha rangi za maji nilichonunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kilikuwa na vidonge 12, na kimoja kati yake kilikuwa cheupe. Mzee aliyekubali kunifundisha, mchora ramani mstaafu anayeishi jirani yetu hapa Magomeni Mikumi, alikibandua kwa ncha ya kisu akakiweka dirishani. "Mwanangu," akasema, "nyeupe yako ni karatasi. Ukishaifunika, huipati tena."

Sisi tuliokulia Dar es Salaam tumezoea kuona wachoraji wakifanya kinyume cha hayo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kufariki 1972, alitumia rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli, juu ya vipande vya ubao. Rangi ile nzito hufunika kilicho chini yake, na ndiyo maana vitone vyeupe vya mgongo wa kanga vinaweza kuja mwisho kabisa. Rangi ya maji ni kama kioo. Mwanga hupenya, hugonga karatasi, kisha hurudi machoni. Basi huna budi kuanza na kilicho hafifu na kuishia kwenye giza, na kabla hujalowesha brashi yakupasa uwe umeshajua ni wapi hutagusa.

Nami nilikuwa na haraka. Nyumba ya mama yetu, ya vyumba sita na ukumbi katikati, yenye baraza mbele, ilikuwa imeuzwa kwa ajili ya mirathi, na mnunuzi alitupa hadi mwisho wa Mei. Kaka yangu, ambaye hana subira na mambo haya, alinishauri nipige picha kwa simu, yaishe. Nilipiga zaidi ya 40, nikazihifadhi.

Masomo ya mwanzo hayakuwa ya kuchora hata kidogo. Tulishughulika na karatasi. Ile ya kunakilia, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikiguswa na maji hujikunja kama jani la mgomba juani. Manila ya shuleni huchubuka. Karatasi ya pamba ya gramu 300 hutoka ng'ambo, na bei yake humfanya mtu achore pande zote mbili. Iliyo nyepesi zaidi hulowekwa, hubandikwa kingo zake kwenye ubao kwa utepe wa gundi, na ikikauka hukaza kama ngozi ya ngoma. Rangi yenyewe ni unga uliosagwa laini na kushikanishwa kwa gamu arabika, yaani utomvu wa mgunga, ambao kwa wingi hutoka Sudan. Vile vidonge vya watoto vina unga wa rangi kidogo mno. Mzee akaniazima vyake vitatu: njano ya udongo, nyekundu ya udongo uliochomwa, na buluu.

Buluu ile niliifahamu kabla sijaambiwa jina lake. Ni ndugu wa buluu ya kufulia, ambayo mama aliitia kwenye maji ya kusuuzia kanzu za baba. Zamani ilisagwa kutokana na jiwe la Afghanistan, ikauzwa kwa bei ya kutisha. Katika miaka ya 1820 ikapatikana njia ya kuitengeneza kiwandani, na hatimaye ikafika hata kwenye karai la uani kwetu. Ichanganye na ule udongo uliochomwa, utapata kijivu cha mawingu ya masika.

Na masika ndiyo yaliyotutesa. Mwezi Aprili hewa ya jiji hili imejaa maji, na rangi ambayo Januari ingekauka kwa dakika chache hukaa nusu saa. Ukiongeza rangi mbichi juu yake kabla ya wakati, maji husukuma unga pembeni na kuacha michirizi kama ukingo wa ua. Mzee alinifundisha kupima kwa mgongo wa kidole: karatasi ikiwa ya baridi, bado ina maji. Basi nilikaa juu ya kigoda, upande wa pili wa mtaa, nikingoja. Na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikautazama ukuta.

Ukuta ule, ambao maisha yangu yote nimeuita mweupe, ulikuwa na mambo mengi. Chini, kiasi cha shubiri mbili, ulikuwa mwekundu kwa matope yaliyorushwa na matone ya mvua kutoka kwenye bati. Kivuli cha upenu kilikuwa buluu. Mahali pa kuachwa pasiguswe palikuwa pamoja tu, kando ya dirisha, lilipofika jua la asubuhi. Na hapo hapo, juu ya baraza, palikuwa na doa kubwa kama sahani, la mafuta ya nazi yaliyopenya kwenye kanga. Ndipo mama alipoegemeza kichwa kila jioni, kwa zaidi ya miaka 30, akijibu salamu za wapita njia. Kila Idi tulipaka chokaa, na kila mara doa lilirudi.

Nilizifungua zile picha za simu. Limo katika karibu zote.

Dada yangu aliniomba niuache ukuta safi, kwani picha itatundikwa sebuleni na wageni wataona uchafu. Nilimwelewa, ni yeye aliyekuwa akipaka chokaa. Lakini nililowesha mahali pale kwa maji matupu, nikangoja mng'ao upungue, nikagusa mara moja kwa njano ya udongo iliyozimuliwa sana, nikaondoa mkono.

Nyumba ilivunjwa wiki ya kwanza ya Juni. Mzee, ambaye sasa ana mtoto wa jicho, aliisogeza picha hadi karibu iguse pua yake. Hakusema lolote juu ya bati wala mlango wa nakshi, vilivyonigharimu siku nne. Aliinua kidole juu ya lile doa, bila kuligusa, akauliza, "Hapa alikuwa akikaa nani?"