Mafahali Wawili katika Nira Moja

Methali yasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mkulima wa Kizwite, katika Manispaa ya Sumbawanga, aijua methali hiyo kwa macho zaidi ya masikio. Lakini kazi yake yamlazimu kuishinda kila masika. Plau yake hutaka ng'ombe wawili, bega kwa bega, chini ya nira moja, nao watulie. Kwa hiyo njeku, yaani fahali mchanga, hana budi kuuacha ufahali wake kabla ya kuingia shambani, awe maksai.

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, haukuanza kilimo chake kwa ng'ombe. Wafipa wa zamani walilima kwa jembe la mkono, wakafukia majani ndani ya matuta ya mviringo waliyoyaita ntumba, na udongo ukapata rutuba. Plau ilipoenea katika karne ya 20, mashamba ya mahindi yalipanuka na thamani ya maksai ikapanda. Maksai aliyefundishwa vema hutumika miaka mingi. Ni mtaji na mtumishi, na mwisho wa uzee wake ni kitoweo.

Utulivu huo hununuliwa kwa maumivu. Kisu huacha jeraha, na jeraha hualika nzi na usaha. Koleo la Burdizzo, lililopewa jina la daktari wa mifugo Mwitalia aliyelibuni, halipasui ngozi. Huponda mishipa ipelekayo damu kwenye kende, mpaka zikanywea. Damu haionekani, ila uchungu upo. Njeku hulazwa chini amefungwa miguu, na mara nyingi hapewi dawa yoyote ya ganzi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, lakini kila mwenye moyo alikwisha kujua ya kuwa asiye na ulimi wa kushtaki hakukosa hisia ya kuumia.

Elimu imeleta njia nyingine. Mwaka 1971, huko Marekani, makundi ya wataalamu yaliyoongozwa na Andrew Schally na Roger Guillemin yalibainisha muundo wa homoni ndogo itokayo ubongoni, na viongozi hao wakashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Homoni hiyo ni kama tarishi: hupeleka amri kwa tezi iliyo chini ya ubongo, nayo tezi huziamuru kende zitoe testosteroni, iletayo ukali wa fahali. Chanjo huunganisha mfano wa homoni hiyo na protini ngeni. Mwili hudhani umeingiliwa na adui, hutengeneza kingamwili, na kumkamata tarishi wake mwenyewe njiani. Sindano ya kwanza huuandaa mwili. Ya pili, baada ya majuma kadhaa, hukamilisha kazi. Kende hunywea na hasira hupoa, bila kisu wala koleo. Chanjo ya namna hii ilipewa kibali kwa nguruwe nchini Australia mwaka 1998, kisha ikatumika kwa mafahali wa nyama katika nchi kama Brazil na New Zealand.

Mzee mmoja wa Kizwite aliyasikia hayo kwa binti yake, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, utulivu huo hudumu miaka mingapi?"

"Ni miezi, baba. Kingamwili zikipungua ufahali hurudi, mpaka achomwe tena."

"Basi hiyo ni dawa ya ng'ombe wa mchinjaji. Wangu ni wa plau."

Jibu hilo halikuwa la ujinga. Chanjo ilibuniwa kwa ajili ya ng'ombe anenepeshwaye kwa miezi michache akauzwa. Kuirudia kwa miaka kumi kwataka fedha, ubaridi wa kuhifadhia dawa, na mkono hodari, kwani sindano ikiteleza ikamchoma mchanjaji yaweza kuvuruga homoni zake mwenyewe. Na ukali ukimrudia ng'ombe katikati ya masika, hali yu chini ya nira, aliye hatarini kwanza ni mtoto anayewaongoza.

Hata hivyo, jibu la mzee halikulipa deni lake kwa njeku. Dawa mpya kutomfaa si ruhusa ya kuumiza kama zamani. Kuhasi mapema, kende zingali ndogo, kumwita bwana mifugo mwenye ujuzi, na kutumia ganzi pamoja na dawa ya kutuliza maumivu ni mambo yajulikanayo tayari. Chanjo imethibitisha ya kuwa fahali aweza kutulizwa pasipo kilio. Aliyekwisha kulisikia jambo hilo hawezi tena kukiita kilio cha njeku desturi, akageuza uso, akaendelea kubana koleo.