Dari la Kishua Kwenye Nyumba ya Ukungu

Siku hizi mjini ukikaribishwa kwa mtu, macho hayaendi tena kwenye sofa wala kwenye TV. Yanakwenda juu. Dari ndiyo wasifu wa mwenye nyumba: jipsamu ya ngazi tatu, mikanda pembeni, ua katikati, taa za LED zimefichwa zinabadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Mafundi wa Dar wamelijua hilo mapema, kurasa zao za Instagram zimejaa picha zilizopigwa mtu kalala sakafuni kamera inatazama juu. Na ukweli usemwe, kazi wanaijua.

Sasa kuna jamaa mmoja, biashara ya simu Kariakoo imemnyookea. Kwao ni Mponde, kule Usambara. Unapandia Mombo, unafika Soni, unaikamata barabara ya upande wa Bumbuli, chai kushoto, chai kulia. Baba alishatangulia mbele ya haki, mama kabaki peke yake kwenye nyumba ya udongo. Jamaa akashusha mjengo palepale uwanjani, vyumba vinne, na sebuleni akataka dari kama la hoteli. Fundi akatolewa Dar, bodi zikapandishwa na Fuso. Kazi ilipoisha picha ikatupwa mtandaoni na maneno matatu: "Mama, pumzika sasa." Watu wakatoa machozi. Laiki kama mvua ya masika.

Ila mama hakupumzika mle. Alilala siku tisa. Ya kumi akarudi kwenye nyumba ya udongo kimyakimya, akamwonya binti yake wa mwisho asimwambie kaka. Mgeni akija anafunguliwa nyumba kubwa, akiondoka inafungwa. Kila jioni kaka akipiga simu ya video, mama anavuka uwanja, anakaa chini ya lile dari, taa zinawashwa, wanaongea wee. Simu ikikatwa, anazima taa anarudi kwenye moshi wake. Mwaka mzima hivyo.

Usicheke kwanza. Ili umwelewe mama, lazima ujue kwamba yeye na mwanawe wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Kwa kijana, dari ni kitu cha kutazama. Kwa mama, darini ni mahali pa kupanda. Kwenye nyumba ya zamani, juu ya meko, kuna miti iliyopangwa, na juu yake mahindi ya mbegu, maharage, na vingine ambavyo mama havitaji mbele ya watu. Moshi unayapitia mahindi kila siku na wadudu wanakaa mbali. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, majani hayana pa kwenda, hela ya chai hakuna, ghala lile ndilo lililobaki. Gunia likishushwa, linauzwa, maisha yanasogea. Ada ya kidato cha tatu ya huyohuyo bosi wa Kariakoo ilitoka darini.

Halafu mtu anakujengea nyumba isiyo na darini. Ina dari, lakini ni bodi ya milimita tisa imening'inia kwenye mbao za mbili kwa mbili. Weka debe moja la mahindi pale uone kama halijakushukia na taa zake zote.

Na wala si kwamba wazee wetu hawakujua urembo wa juu. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, inua kichwa: boriti za mikoko zimepangwa moja moja, nyingine zimepakwa rangi, na ndizo zinazobeba sakafu ya ghorofa ya juu. Vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, ikizidi mita tatu hivi inaanza kuwa mashaka. Dari ndilo lililoamua chumba kiwe na upana gani. Hata hukuhuku milimani, kwenye msitu wa Mazumbai unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna nyumba ya mtindo wa Uswisi iliyoachwa na familia ya Waswisi waliokuwa na shamba la chai. Watu wa nchi ya baridi wale, wakajenga kwa mbao.

Mambo yaliharibika Juni, mwezi wa ukungu. Dada mtu alikuwa anatolewa posa, kaka akapanda siku mbili kabla bila taarifa, anataka kumshtukiza mama. Akashtuka yeye. Kufuli mlangoni saa mbili usiku, mama yuko upande wa pili anapuliza moto. Alipofunguliwa sebule, harufu ya ubichi ikamkaribisha, na pale katikati, pembeni ya ua, doa la kahawia kubwa kama sinia, bodi imeanza kubonyea.

Simu ya kwanza ilikuwa ya kumtukana fundi wa Dar. Simu ya pili haikuwepo, kwa sababu asubuhi mzee mmoja fundi wa palepale Mponde alipanda juu ya kenchi, akashuka akijipangusa mikono. Bati zima. Kofia zimekaa, misumari imekaa.

"Halivuji hili, linatoka jasho," akasema. "Ukungu unaingia chini ya bati usiku, bati lina baridi, unageuka maji, yanadondokea kwenye unga wako huu. Nyumba ya mama yako ina moto kila siku, ndiyo maana juu kukavu. Hii umeifunga haina moto wala tundu la hewa."

Jamaa aliuliza swali moja tu, akamgeukia mama: "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulivyofurahi vile, mwanangu, ningeanzia wapi? Dari lako zuri. Nilikuwa nakaa chini yake unione. Mahindi sasa, ningeyaweka wapi?"

Kijana akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za baraza muda mrefu. Ile picha bado ipo kwenye ukurasa wake, hajaifuta.

Siku ya posa wageni walikuja, na bila shaka wote walitazama juu. Mshenga, mtu wa makamo kutoka Bumbuli, akaliona doa, akacheka: "Kumbe hata la mjini linatoka jasho? Tulidhani ni kwetu tu." Sebule nzima ikacheka, mama akacheka kuliko wote.

Sasa mzee fundi amepewa kazi. Sebuleni jipsamu inabaki, bodi iliyobonyea inabadilishwa, na matundu ya hewa yanatobolewa chini ya mapaa. Jikoni jipsamu yote inashuka, inawekwa sakafu ya mbao za saiprasi juu ya maboriti yanayobeba uzito, na meko ya kuni chini yake. Mbao zimeshapasuliwa, zinakaushwa. Mama ana sharti moja: ngazi ya kupandia vidato vyake visiachane sana, magoti yake si ya zamani.