Kuchagua Sanamu ya Eropleni ya Vita

Watu husema kwamba kitu kidogo huchaguliwa upesi. Mwaka huu mimi na wanafunzi wangu hapa Mtabila tumetumia karibu miezi miwili kuchagua kitu ambacho kikiisha kuundwa chaweza kubebwa kwa mkono mmoja, nami naona si vibaya kuwaeleza kwa nini tulikawia. Huenda mwalimu mwingine akapata zawadi kama ile, au mzazi akaulizwa na mwanawe maswali kama yale tuliyoulizwa sisi.

Asili ya habari ni hii. Kijana mmoja aliyesoma katika shule yetu, naye sasa ni fundi wa mitambo Dar es Salaam, alituahidi kisanduku kimoja cha kuundia sanamu ya eropleni. Visanduku hivyo hutengenezwa Uingereza, Japani na nchi nyingine. Ukikifungua huoni eropleni ndani yake. Waona vipande vya plastiki vilivyoshikana na viunzi vyake kama matunda yashikavyo vikonyo, pamoja na karatasi yenye picha za kukuonyesha kipi huungwa na kipi. Mwenye kuunda hukata kipande kwa kisu kidogo, hukisugua kwa msasa, hukitia gundi, hungoja kikauke, kisha hukipaka rangi. Mwisho huloweka alama katika maji na kuzibandika juu ya mabawa. Ni kazi ya saburi, na kwa ajili hiyo naipenda kwa watoto, maana mwenye haraka huiona haraka yake juu ya kazi yake siku zote.

Mzazi mmoja alisema kwamba fedha hizo zingalitosha kununua madaftari ya darasa zima. Neno lake ni la kweli, wala sikubishana naye. Lakini mtoaji alikuwa ametaja zawadi yake, nasi tulikuwa na wajibu wa kuitumia vizuri. Kisanduku ni kimoja tu. Kama vingalikuwa kumi, tusingalipata taabu.

Wanafunzi walitaka eropleni ya vita irukayo kutoka juu ya manowari, nao walikuwa na sababu. Mmoja wao ni kitukuu cha askari wa K.A.R., yaani Keya, aliyevuka bahari kwenda Bukini, nchi iitwayo pia Madagaska, katika mwaka 1942. Nyumbani kwao habari za safari ile zingali zikisimuliwa, ya kuwa palikuwa na meli ambayo juu yake ni tambarare kama uwanja, na ndege ziliruka kutoka humo na kurudi. Wenziwe hawakusadiki. Mtoto aliyezaliwa Buha, ambaye maji makubwa ayajuayo ni ziwa Tanganyika na mto Malagarasi, si ajabu akikataa kwamba uwanja wa ndege waweza kuelea.

Basi niliwaeleza. Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Wajapani zichukuazo ndege zilishambulia bandari za Colombo na Trincomalee katika Ceylon, kisiwa ambacho leo ndicho nchi ya Sri Lanka, zikaizamisha manowari ya Waingereza iitwayo Hermes. Waingereza wakarudisha nyuma manowari zao, nyingine mpaka Kilindini, Mombasa. Wakaogopa kwamba Wajapani wataitwaa bandari ya Bukini, iliyokuwa chini ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, na kuikata njia ya meli ziendazo Misri na Bara Hindi. Tarehe 5 Mei 1942 askari wa Waingereza walishuka karibu na Diego Suarez, nazo manowari Illustrious na Indomitable zilirusha ndege za kuwalinda. Mwezi wa Septemba vita vilianza tena, na brigedi ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga. Ndani yake mlikuwa na kikosi cha K.A.R. cha Tanganyika. Mwezi wa Novemba Wafaransa waliweka silaha chini.

Baada ya hapo tulianza kuchagua. Mimi mwenyewe nilitamani kwanza ndege ambayo si ya vita vile, bali ya vita vya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyofika karibu na kwetu. Mwaka 1916 Waingereza waliwaazima Wabelgiji eropleni nne za majini za aina ya Short 827. Ziliruka kutoka upande wa Kongo, zikavuka ziwa, na mwezi wa Juni zikaangusha mabomu Kigoma, zikiitafuta meli ya Wajeremani iitwayo Graf von Götzen. Mwezi wa Julai Wajeremani wenyewe waliizamisha meli hiyo. Mwaka 1924 iliopolewa, na tangu 1927 ikasafiri ziwani kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtu wa Kigoma alijua. Lakini Short ilikuwa ndege ya kupelelezea na kuangushia mabomu, si ya kupigana na ndege nyingine kama watoto walivyotaka. Tena ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye nguzo na nyaya nyingi kati yake. Kazi kama hiyo yamfaa fundi, si mtoto anayeanza.

Wavulana wengi walitaka Zero ya Wajapani, maana katika picha ndiyo nzuri kupita zote. Ilikuwa nyepesi, yenye kwenda mbali, na mwanzoni mwa vita ilizishinda nyingi. Lakini wepesi ule ulikuwa na bei yake. Zero za kwanza hazikuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani, wala tangi zake za petroli hazikuweza kujiziba zikitobolewa. Msichana mmoja aliposikia hayo alisema, “Waliipenda ndege kuliko mtu.” Neno hilo liliwanyamazisha wavulana.

Wengine walitaka Seafire, ambayo ni Spitfire iliyofanywa ifae manowarini. Jina lake ni kubwa, ila miguu yake ilikaribiana mno, na ilipotua juu ya sitaha yenye kuyumba ilivunjika mara kwa mara. Hata katika vita vya Salerno, Italia, mwezi wa Septemba 1943, nyingi ziliharibika kwa kutua kuliko kwa risasi za adui. Wala haikuwako Bukini mwezi wa Mei 1942.

Zikabaki zile zilizokuwako. Katika Indomitable zilikuwako Fulmar na Sea Hurricane. Fulmar ilichukua watu wawili, nayo ilikuwa nzito kwa ndege ya kupigana. Sea Hurricane ilikuwa hodari, lakini mabawa yake hayakukunjika. Kwa hiyo haikuweza kupita katika lifti nyembamba za manowari kama Illustrious, ikalazimu kuachwa nje juu ya sitaha, katika upepo na chumvi.

Katika Illustrious ilikuwako Martlet. Ndege hiyo ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Grumman. Wamarekani waliiita Wildcat, na tangu Januari 1944 Waingereza nao waliiita vivyo hivyo. Si nzuri ya kutazamwa: ni fupi, nene, na tumbo lake kama la nyuki. Magurudumu yake hayakupandishwa kwa mtambo. Rubani aliyazungusha mwenyewe kwa mkono, mizunguko kama 30, huku akiiongoza ndege kwa mkono mwingine. Zero iliishinda kwa kupanda na kugeuka. Lakini ilikuwa imara, na mara nyingi ilimrudisha mtu wake ingawa imetobolewa.

Tena mabawa yake yalikunjika kwa namna ya ajabu. Hayakuinuka juu kama mikono ya mtu aombaye msaada, bali yaligeuka na kulala ubavuni kuelekea mkiani, kama ndege halisi akunjavyo mabawa yake akitua. Husimuliwa kwamba Leroy Grumman alipokuwa akitafuta njia hiyo alichukua raba ya kufutia, akachomeka ndani yake vibanio vya karatasi vilivyonyoshwa, akawa anavigeuza huku na huku mpaka alipopata pembe iliyofaa. Niliposoma hayo nilifurahi sana. Raba tunayo, na vibanio tunavyo. Siku ile ile kila mtoto alikuwa na mabawa yake juu ya dawati.

Kesho yake tulitoka uwanjani na kamba na majivu. Tukachora Martlet kwa ukubwa wake wa kweli: mabawa yakiwa wazi, meta 11.58 toka ncha hata ncha. Yakiisha kukunjwa, meta 4.37 tu. Kisha nikawapa hesabu: mahali panapotosha ndege mbili zilizofungua mabawa, zitakaa ngapi zilizoyakunja? Wakapiga hesabu, wakapima, wakapata tano. Hapo ndipo walipofahamu kwa nini manowari moja iliweza kuchukua ndege nyingi tumboni mwake, na yule kitukuu wa Keya akaacha kuitwa mwongo.

Watu waliokuwa wakitoka mashambani walisimama kututazama. Mzee mmoja tunayemheshimu akanikaribia, tukaamkiana, kisha akaniuliza: “Mwalimu, nasikia mnaleta eropleni ya vita shuleni. Ndege hiyo ilimwua nani?”

Wasomaji, katika maswali yote ya miezi ile miwili, hilo ndilo lililokuwa zito. Jina la Mtabila lilijulikana mbali kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofungwa mwezi wa Desemba 2012. Watu wazima wa hapa waliwaona wale waliokuja na watoto mgongoni na chungu kichwani. Hawahitaji sanamu ya plastiki ili wajue vita ni kitu gani. Nilimjibu, “Mzee wangu, iliua watu. Nipe siku chache nitafute ni watu gani.”

Nikatafuta. Katika Bukini, Martlet zilipigana na ndege za Wafaransa na kuziangusha. Na chini, katika majeshi yaliyoitumikia serikali ya Vichy, hawakuwamo Wafaransa peke yao. Walikuwamo Wasenegali, na wenyeji wa Bukini wenyewe. Basi Keya wa Tanganyika alipokwenda mbele, aliyekuwa akimngoja nyuma ya mawe yaliyoziba njia aliweza kuwa Mwafrika kama yeye, aliyeletwa na bwana mwingine kwa ugomvi ulioanzia Ulaya. Niliwasomea watoto hayo bila kuyapunguza. Walikaa kimya, kisha mmoja akauliza kama wale Wasenegali nao wana vitukuu. Nikamjibu kwamba bila shaka wanao.

Nilikwenda nyumbani kwa mzee, nikamwambia yote. Nikamwambia pia kwamba nikichagua eropleni kwa uzuri wake tu, watoto watajifunza kuipenda. Nikiacha kuileta kabisa, watajifunza habari za vita kwa watu wanaovisifu. Lakini nikiwaletea ile iliyokuwa juu ya kichwa cha babu wa mwenzao, nitaweza kuwaeleza mambo yake yote, ya ufundi na ya damu. Mzee alifikiri sana. Kisha akasema, “Basi iundeni ikiwa imekunja mabawa. Ndege iliyokunja mabawa haiendi vitani.”

Tukakata shauri: Martlet, na mabawa yake yakunjwe. Ikabaki habari ya kipimo. Sanamu ya moja kwa sabini na mbili, ambayo sentimeta moja yake ni sentimeta 72 za ndege ya kweli, huwa na upana wa sentimeta 16 mabawa yakiwa wazi, na bei yake ni nafuu. Ya moja kwa arobaini na nane hufika sentimeta 24. Tulichagua hiyo kubwa, maana vipande vya ile ndogo vingine ni kama punje ya mtama, na punje ikianguka katika vumbi letu jekundu haionekani tena. Tulimwomba kijana wetu atafute kisanduku chenye mabawa ya kukunjwa. Asipokipata, tutayakata wenyewe kwa kufuata mfano wa raba. Gundi na rangi tulimwomba azitume kwa mtu asafiriye kwa basi, kwa sababu ni vitu vya kushika moto, navyo aghalabu havipokelewi katika mizigo ya ndege.

Wakati huu tunapongoja, watoto wanaunda Martlet kwa mabua ya mtama, kwa kipimo kile kile, ili mikono yao izoee. Mbili zimekwisha kuvunjika na moja inasimama vizuri. Kando ya meza tumeweka karatasi ya kuandikia maneno yatakayokaa chini ya sanamu. Wameandika jina la ndege, mwaka 1942, Illustrious na Majunga. Mstari wa mwisho ungali wazi, kwa kuwa wengine wataka liandikwe neno Keya peke yake, na wengine wasema Wasenegali na watu wa Bukini waandikwe pamoja nao. Nimewaachia wao waamue, nami nawasihi walimu wenzangu watakaopewa zawadi kama hii wawaachie watoto wao nafasi kama hiyo.